Faili za muda za intaneti
Faili za muda za intaneti ni nakala za kurasa, picha na vipande vya video ambazo kivinjari huhifadhi katika diski ya kompyuta mtumiaji anapotembelea tovuti. Mahali zinapowekwa huitwa akiba ya kivinjari. Jina lilienea kutokana na folda ya "Temporary Internet Files" ya Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft kilichostaafishwa tarehe 15 Juni 2022.

Kazi ya akiba ni kupunguza upakuaji. Nembo ya tovuti ikishapakuliwa mara moja, kivinjari huichukua kutoka diskini mara zinazofuata. Seva hukiambia kivinjari kila faili itumike kwa muda gani. Muda ukiisha, kivinjari huuliza kama faili imebadilika. Ikiwa haijabadilika, seva hujibu kwa namba 304 bila kuituma upya.

Kwa anayenunua bando la megabaiti hilo si jambo dogo. Mara nyingi watu hushauriwa kufuta akiba kila siku, lakini kufanya hivyo humlazimu mtumiaji kupakua tena vitu vilevile, na nafasi iliyopatikana hujaa tena. Isitoshe, vivinjari vyenyewe huweka kikomo cha akiba na kuondoa faili za zamani. Diski ikijaa kabisa, ni afadhali kuangalia kwanza folda ya vipakuliwa, video na pipa la taka.

Hata hivyo kufuta kuna faida nafasi inapohitajika haraka, au ukurasa unapoendelea kuonekana wa zamani. Katika Chrome, Edge na Firefox kwenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Delete vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha la kufuta. Hapo huchaguliwa kipindi, kisha picha na faili zilizohifadhiwa. Programu ya Disk Cleanup, iliyokuja na Windows 98, haigusi akiba ya Chrome wala ya Firefox.

Dirisha hilohilo huonyesha pia vidakuzi. Hivi ni vidogo mno. Kuvifuta hakuongezi nafasi ya maana, bali humtoa mtumiaji katika akaunti zake. Kwenye kompyuta ya maktaba au ya mgahawa wa intaneti mambo hugeuka: vidakuzi ndivyo vya kufutwa kwanza, kwa sababu anayeketi baadaye anaweza kukuta barua pepe ya mwenzake ingali wazi.