Mtoto Asemapo "Koo Linabana"

Neno mzio si geni katika Kiswahili. Kabla ya kutwaliwa kuwa jina la kile ambacho wengi wetu hukiita aleji, lilimaanisha chakula ambacho mtu amekatazwa kukila, ama kwa sababu ya maradhi au kwa mujibu wa mila. Maana hizo zingali zinaishi pamoja, na hapo ndipo palipo na hatari. Mzazi amwandikiapo mwalimu kwamba njugu ni mzio wa mwanawe, hakosi mtu wa kudhani kuwa hilo ni suala la mwiko au deko tu. Hata wanafunzi wenzake, waliofunzwa tangu utotoni kwamba kugawana chakula ni uungwana, humwona mtoto huyo kuwa anaringa, wakamshurutisha aonje.

Ukweli ni kwamba mwili wa mtoto huyo huichukulia protini ya chakula kana kwamba ni adui. Huachilia kemikali zinazovimbisha midomo na koo, kubana njia za pumzi na kushusha shinikizo la damu, aghalabu katika muda wa dakika chache. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, waliiita hali hii anafilaksisi, neno waliloliunda kutokana na Kigiriki kwa maana ya kinyume cha kinga. Walikuwa wameona mbwa waliodungwa sumu ya viumbe wa baharini wakifa walipodungwa kipimo kidogo mara ya pili, ilhali walitarajiwa kuwa wamepata kinga. Miongoni mwa vyakula vinavyosababisha hali hii ni njugu, korosho, mayai, maziwa, samaki, ngano na ufuta.

Mtoto wa darasa la pili hayajui maneno haya. Yeye atasema, "Mwalimu, ulimi unaniwasha," au "Kuna kitu kimenikwama kooni." Mwingine atasema anaogopa, asijue anachokiogopa, nayo hofu hiyo madaktari huihesabu kuwa dalili. Tusikilize pia sauti yenyewe: ikikwaruza ghafla, au mtoto akikohoa mfululizo na kifua kikitoa mlio kama wa filimbi baada ya kula, tusingoje kuona vipele, kwani huenda visitokee kabisa. Kutapika na kulegea mwili navyo vyaweza kuwa dalili. Na hapa sina budi kugusa kanuni ya kusema Kiingereza pekee, ambayo baadhi ya shule zetu huienzi mno. Mtoto anayetafuta msamiati wa kigeni wa kueleza kwamba koo linabana anapoteza dakika asizokuwa nazo. Mgonjwa na aseme kwa lugha yoyote imjiayo.

Tiba ya kwanza ni adrenalini, inayodungwa katika msuli wa paja, upande wa nje. Ipo kalamu maalumu ya sindano ambayo hata mwalimu aliyeelekezwa anaweza kuitumia, hata juu ya nguo. Hali isipobadilika baada ya dakika 5, dozi ya pili inaweza kutolewa. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2017, shule zinaruhusiwa kununua kalamu hizo bila cheti cha daktari. Kwetu hazipatikani kwa urahisi, kwa hivyo mwalimu wa zamu hana budi kujua mapema ni kituo kipi cha afya cha karibu chenye adrenalini, na ni gari la nani litakalompeleka mtoto.

Wakati huo mtoto alazwe chali, miguu ikiwa imeinuliwa. Akihema kwa shida, aketi. Asisimamishwe wala kuambiwa atembee hadi ofisini, kwani shinikizo la damu laweza kuporomoka ghafla. Vidonge vya kutuliza mwasho haviufungui mfumo wa pumzi. Nayo ile desturi ya kumnywesha maziwa kila anayedhaniwa amekula sumu haimsaidii; huenda maziwa ndiyo mzio wenyewe.

Akipata nafuu, asirudishwe darasani kwa sababu tu ametabasamu. Dalili zinaweza kurejea saa kadhaa baadaye bila ya yeye kula kitu kingine, na mahali pa kuzisubiri ni hospitalini.