Unga mweupe, lakini unga gani?

Weka kwenye sahani unga kidogo wa muhogo, kando yake unga wa kinini, kando tena chaki iliyosagwa. Mkaaji wa Kadutu au wa Ibanda, hata awe na macho mazuri namna gani, ataona vitu vyeupe tu. Kuonja? Usijaribu.

Kosa la namna hii linaumiza watu. Kule Ituri, kuanzia mwisho wa 2014 hadi 2015, mamia ya wagonjwa walifika kwa waganga shingo imekaza, macho yamegeuka, ulimi unatoka nje. Kwanza walidhaniwa kuwa na meninjiti. Kumbe walikuwa wamekunywa vidonge vilivyoandikwa diazepamu, na ndani mlikuwa haloperidoli, dawa wanayopewa wagonjwa wa akili. Maabara ndiyo ilifichua.

Sisi Bukavu unga wa dawa tunaujua: Pharmakina imetoa kinini kwenye maganda ya kinkina miaka na miaka. Lakini kiwanda chochote cha vidonge kinapokea pia magunia ya wanga, ya laktosi, ya talki. Karatasi ya gunia inasema kilichomo. Nani amehakikisha?

Zamani ilibidi kufungua, kuyeyusha, kupima kwa kemikali, na kungoja. Sasa viwanda vingi duniani vinatumia mwangaza wa infraruji ya karibu, ule ambao jicho halioni. Mwaka 1800, kule Uingereza, William Herschel alitawanya mwangaza wa jua kwa kioo, akaweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu, mahali penye giza. Kikapanda.

Mashine inamulika unga kwa mwangaza huo, kati ya nanometa 780 na 2500 hivi. Pale ambapo hidrojeni imeshikana na kaboni, oksijeni au nitrojeni, sehemu ya mwangaza inamezwa, unaobaki unarudi. Kila unga unarudisha mchoro wake, na mashine inaulinganisha na michoro iliyowekwa akiba. Ni sekunde chache tu, na mwangaza unapita hata kwenye plastiki nyembamba, bila kufungua mfuko.

Lakini si uchawi. Chumvi kavu ya jikoni haina mishikano hiyo, kwa hiyo karibu haisemi kitu. Maji yanasema kwa sauti kubwa mno: unga uliokaa kwenye depo wakati wa mvua za hapa kwetu unaweza kukataliwa ijapokuwa ni uleule. Uliosagwa vikubwa nao unabadilisha mchoro. Ndiyo sababu mashine inafundishwa kwanza kwa mifano mingi, mikavu na yenye unyevu, laini na ya chengachenga. Na sumu kidogo sana, chini ya sehemu moja kwa mia, inaweza kupita bila kuonekana.

Tena inajibu vizuri swali moja: je, hiki ndicho kilichoandikwa? Vidonge vya kuuzwa viwili viwili sokoni, bila boksi, havina hata jina la kulinganisha nalo.