Je, Wajua? Kuvu Haina Macho, Lakini Hujua Kumekucha

Mimea huhitaji mwanga ili ijitengenezee chakula. Kuvu haina shida hiyo. Chakula chake ni mkate uliosahaulika kabatini, gogo linalooza, mavi ya ng'ombe au mahindi yaliyoanikwa nusunusu. Hata hivyo mwanga una maana kubwa kwake. Nyuzi za kuvu huishi gizani, zimezama ndani ya kile zinachokila. Mwanga ukizigusa, maana yake zimefika juu: hapa pana upepo wa kusambaza spora, ambazo ndizo mbegu zake, na hapohapo pana jua linalokausha na kuunguza. Habari hiyo hupokewa na protini chache tu, na hizo ndizo zinazoamua kuvu ijenge mwili gani na itengeneze kemikali gani.

1. Kuna kuvu inayolenga shabaha kwa mwanga

Pilobolus huota juu ya mavi ya ng'ombe, farasi na wanyama wengine wala majani. Shina lake lina urefu wa sentimita chache tu, na kileleni pana uvimbe angavu uliojaa maji, uliobeba kifuko cheusi cha spora. Uvimbe huo hukusanya miale ya jua, na shina hujipinda mpaka lielekee mwanga unakotoka. Shinikizo la maji likizidi, uvimbe hupasuka na kifuko hufyatuliwa hadi umbali wa mita 2 hivi.

Kwa nini kufuata mwanga? Kwa sababu mnyama hapendi kula majani yaliyo karibu na mavi yake. Penye mwanga ndipo penye uwazi, na kifuko kikirushwa huko hunata kwenye jani safi, huliwa, hupita tumboni salama na kutoka na mavi mapya. Minyoo ya mapafu ya ng'ombe imeijua njia hii: viluwiluwi vyake hupanda juu ya Pilobolus na kurushwa pamoja na spora hadi malishoni.

2. Kuvu nyingine huhisi mwanga hafifu kama wa nyota

Max Delbrück, mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1969 kwa utafiti wa virusi vinavyoshambulia bakteria. Lakini tangu miaka ya 1950 alikuwa amehamia kwenye kuvu iitwayo Phycomyces, ambayo hutoa mashina membamba yanayoweza kupita sentimita 10. Mashina hayo hupindia upande wa mwanga, na huitikia mwanga hafifu kama wa nyota na pia mwanga mkali wa mchana. Delbrück na wenzake walikusanya Phycomyces zenye kasoro, zilizoshindwa kupinda inavyopasa, wakitumaini kwamba kasoro hizo zingewafikisha kwenye kihisi chenyewe. Alifariki mwaka 1981 bila kukiona. Mwaka 2006 watafiti walibaini kwamba jeni mojawapo iliyoharibika katika kuvu hizo, madA, hutengeneza protini ya ukoo mmoja na WC-1, protini iliyokwisha kujulikana kwenye ukungu wa mkate.

3. Protini moja hupokea mwanga na kuwasha jeni

Ukungu huo wa mkate ni Neurospora, wenye rangi ya machungwa. Kiangazi cha mwaka 1842 uliharibu mikate ya wanajeshi huko Paris, na ripoti ya mwaka uliofuata ilikwishasema kwamba mwanga huchochea rangi yake. Maelezo ya sababu yalichukua zaidi ya karne moja na nusu.

WC-1 hubeba ndani yake kemikali inayotokana na vitamini B2. Mwanga wa buluu ukiipiga, kemikali hiyo hujifunga kwenye protini, na umbo la protini hubadilika. WC-1 ikiwa imeungana na mwenzake WC-2 hukamata DNA na kuwasha jeni kadhaa, zikiwemo zinazotengeneza karotini, rangi inayoukinga ukungu dhidi ya madhara ya jua. Nyuzi za Neurospora iliyopoteza WC-1 hubaki nyeupe hata zikikaa nuruni. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba WC-1 yenyewe ndiyo kihisi: inayopokea mwanga na inayowasha jeni ni ileile, hakuna mjumbe katikati.

Mwanga ukiendelea kuwaka, kuvu haiendelei kushtuka. WC-1 huamsha protini nyingine ndogo, VVD, ambayo hurudi kuituliza. Kwa njia hiyo kuvu huzoea mwanga uliopo na hubaki tayari kuitikia mwanga ukiongezeka.

4. Uyoga usioona mwanga huwa shina tupu

Mwaka 2005 watafiti wa Japani walieleza uyoga mdogo, Coprinopsis, uliopoteza jeni iitwayo dst1. Jeni hiyo hutengeneza protini ya jamii ya WC-1. Ulipowekwa nuruni, uyoga huo ulifanya kama uko gizani: ulirefusha shina bila kukuza kofia inayofaa. Kwa uyoga, kutoona mwanga ni ishara kwamba bado umefukiwa, na uliofukiwa hauna haja ya kofia ya kumwaga spora. Unachohitaji ni kurefuka utoke.

Wakulima wa uyoga mamama wanaijua tabia hii kwa vitendo. Mifuko ya mabua au maganda ya pamba iliyopandwa huwekwa kwanza kwenye chumba cha giza mpaka utando mweupe uenee kote, kisha huhamishiwa penye hewa na mwanga kiasi. Mwanga ukipungua mno kwenye chumba hicho cha pili, mkulima huvuna mashina marefu yenye vikofia vidogo.

5. Kuvu hii ina uzazi wa mchana na uzazi wa giza

Aspergillus nidulans huishi udongoni. Ikipata mwanga, hutoa kwa wingi spora za kijani zinazopeperushwa na upepo, bila kuhitaji jinsia. Ikiwa gizani huelekea upande mwingine: hujenga vitufe vidogo vigumu ambamo spora za kijinsia hukomaa, zenye uwezo wa kustahimili shida kwa muda mrefu.

Uamuzi huo umebebwa na protini tatu: VeA, VelB na LaeA. Gizani, VeA huingia kwa wingi ndani ya kiini cha seli pamoja na VelB, na humo hukutana na LaeA. VeA hukaa katikati, imeshikana na VelB upande huu na LaeA upande ule. Muungano huo ulielezwa mwaka 2008, na unafanya kazi kama mafiga: VeA au VelB ikiondolewa, vitufe havijengwi; LaeA ikiondolewa, kuvu hushindwa kutengeneza sumu zake na haitofautishi sawasawa kati ya giza na mwanga. Mwanga unapowaka, sehemu kubwa ya VeA hubaki nje ya kiini, na muungano hupungua.

6. Wanasayansi walitumia kuvu kipofu kwa miaka mingi

Aspergillus nidulans ni kuvu ya maabara ya siku nyingi, lakini nyingi kati ya zilizosambazwa kwa watafiti zilikuwa na kasoro iitwayo veA1. Herufi moja tu ya DNA imebadilika mwanzoni mwa veA, jeni inayotengeneza VeA, na protini hiyo hutoka ikiwa imekosa vipande 36 vya mwanzo, vikiwemo vinavyoisaidia kuingia kwenye kiini. Matokeo yake kuvu hutoa spora za kijani hata gizani. Kwa kazi za maabara hiyo ni raha, maana spora zinapatikana wakati wote. Lakini swali la mwanga lilifichika mpaka mwaka 1990, Mooney na Yager walipoonyesha kwamba kuvu yenye veA nzima huhitaji mwanga ili itoe spora hizo.

7. Kinachoamua mwili ndicho kinachoamua sumu

Ndugu yake, Aspergillus flavus, ndiye anayetuletea sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Nayo ina VeA. Watafiti walipoiharibu jeni inayoitengeneza, kuvu iliacha kutengeneza sumukuvu, na pia ikashindwa kuunda vidonge vigumu inavyotumia kuishi udongoni msimu hadi msimu. Ndiyo sababu maabara nyingi zinazipeleleza protini hizi: anayeweza kuuvunja muungano wa VeA huenda akaikata sumu na uzao kwa pigo moja.

Madhara tunayafahamu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka Dodoma na Manyara, Tanzania, na watu 20 wakapoteza maisha.

Asije mtu akadhani kwamba kuwasha taa ghalani kutaiduwaza kuvu hii. Katikati ya gunia ni giza hata saa sita mchana, na joto na unyevu vina sauti kubwa zaidi katika uamuzi wake. Kausha mahindi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini ya hapo, kama viwango vya Afrika Mashariki vinavyotaka. Yaanike juu ya turubai badala ya udongo, ambako spora zinasubiri. Chambua punje zilizovunjika au kuota ukungu, na gunia uliweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Tena usitegemee kupika, kwa sababu moto wa kawaida wa ugali hauimalizi sumukuvu.