Je, Wajua? Gome la Msitu wa Rungwe na Tezi Dume

Je, wajua kwamba gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milimani kama ya Rungwe nchini Tanzania, limekuwa likitengenezwa dawa ya kutanuka kwa tezi dume huko Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960? Mwaka 2002, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliopewa dawa ya gome hilo walikuwa na uwezekano wa kuripoti nafuu zaidi ya mara mbili ya waliopewa dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani), na kuamka usiku kukojoa kulipungua kwa asilimia 19.

Hata hivyo, huo si ushahidi wa kutosha. Majaribio hayo yalikuwa madogo, na la muda mrefu zaidi lilichukua takribani miezi minne tu, ilhali tezi dume hutanuka kwa miaka mingi. Mmea mwingine, saw palmetto, ulisifiwa vivyo hivyo, hadi jaribio la Marekani la 2011 lilipoonyesha kuwa hauishindi dawa bandia, hata dozi ikiongezwa mara tatu. Wapo watakaosema wazee wetu wameutumia mti wa Prunus africana tangu zamani. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuupima vizuri zaidi, si sababu ya kuacha kuupima. Tena mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote huweza kufa; biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1995. Kwa hiyo mzee wa Matwebe, huko Rungwe, anayekojoa kwa shida aanzie hospitalini: dawa za tamsulosini na finasteridi zimepimwa kwa kina, na dalili hizo hizo huweza kuficha saratani.