Msimu umefika Usevya: usikimbilie mvua ya kwanza

Siku hizi simu yangu haipumziki, na swali ni lile lile: "Bwana shamba, mvua imepiga, tupande?" Nimeona niwajibu wote hapa kwa pamoja, maana jibu si ndiyo wala hapana.

Kwanza tukumbuke tulipo. Katavi tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili hivi. Wenzetu wa Kilimanjaro wana vuli na masika, wakikosa huku wanajaribu kule. Sisi nafasi ni moja. Kijana aliyekodi ekari zake hapa bonde letu, iwe Usevya, Mamba au Majimoto, akiunguza mbegu Novemba, kodi haimrudii na mbegu ya dukani anainunua upya.

Mvua ya kwanza inadanganya. Inanyesha jioni moja, inatoa harufu nzuri, asubuhi unasikia plau za jirani zinalia na wewe moyo unakwenda mbio. Halafu jua linawaka siku kumi mfululizo. Mbegu iliyopata unyevu kidogo inaamka, inatoa mzizi, inakuta chini pakavu, inakufa. Ingekaa kwenye udongo mkavu kabisa ingesubiri. Kinachoiua ni huo unyevu nusu.

Kwa hiyo usiangalie mawingu, angalia udongo. Chukua jembe, chimba sehemu tatu au nne tofauti za shamba, siyo pale mlangoni tu. Unyevu ukiwa umefika sentimita 15 hadi 20, yaani karibu urefu wa kiganja na vidole vyako, chota udongo wa chini na uufinye. Ukishikamana bila kutoa maji, panda. Ukimwagika kama unga, rudi nyumbani. Wenye mashamba ya mbuga, ule udongo mweusi, muwe makini zaidi: juu unanata kwenye viatu mpaka unadhani kumejaa maji, kumbe mvua yote imeingia kwenye nyufa na kati kati ni pakavu. Wenye kichanga nao wajue udongo wao unapokea maji haraka na kuyapoteza haraka.

Ila sisemi mkae mpaka Januari. Kuchelewa nako kuna bei yake. Mahindi yaliyopandwa nyuma ya wenzake ndiyo yanayokutana na viwavijeshi vamizi wakiwa wameshazaliana kwenye mashamba ya jirani, na mvua inakatika kabla punje hazijajaa. Udongo ukikubali, panda siku hiyo hiyo, uwe umeshaandaa shamba, mbegu na watu. Sikilizeni pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Utabiri wa msimu hutolewa kabla mvua hazijaanza, na ule wa siku kumi unasaidia kuamua kama usubiri kidogo.

Kwa mahindi, nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, inakupa mimea kama 18,000 kwa ekari. Kilo 10 za mbegu zinatosha na chache zinabaki za kurudishia palipoota vibaya. Mbolea ya kupandia iwekwe chini, ifunikwe udongo kidogo, ndipo mbegu. Zikigusana, mbegu inaungua.

Sasa niseme linaloniuma zaidi, nalo ni hela ya mbolea ya kukuzia. Vijana wengi mnaingia msimu kwa nguvu: ekari sita, mbegu bora, mbolea ya kupandia ipo. Mahindi yanafika magotini, wiki ya tatu au ya nne, yanataka Urea, na hapo ni Krismasi, kisha Januari na ada za shule. Mfuko mtupu. Ndipo anakuja mtu na pikipiki yake, mpole kweli, anakupa hela leo, mavuno unamlipa kwa magunia. Bei anaipanga yeye, mazao yangali kijani. Sina ugomvi na wafanyabiashara, lakini ukipiga hesabu ya magunia yale utaona umelima shamba lake.

Ushauri wangu ni huu: kama hela inatosha ekari sita bila Urea, lima tatu zenye Urea. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari una kilo 23 za naitrojeni, na hiyo ndiyo inayojaza gunzi. Nunua sasa, weka ndani pakavu, juu ya mbao. Mbolea ya ruzuku tunayo tangu msimu wa 2022/23, lakini lazima uwe umeandikishwa. Ambaye taarifa zake hazijahuishwa aende ofisi ya kijiji mapema, asisubiri foleni ya Desemba. Na siku ya kuweka, palilia kwanza, weka udongo ukiwa na unyevu, kisha funika. Urea ikiachwa juu ya ardhi bila kufunikwa inageuka hewa na kupotea.

Wa mpunga, tengenezeni kingo za majaruba sasa, udongo ungali unalainika. Anayehitaji mavuno mengi na ana maji ya kutegemea apande SARO 5. Anayelenga soko la harufu na ladha abaki na Supa, ila ajue unarefuka na unaanguka ukizidishiwa mbolea. Miche ihamishwe ikiwa na siku kama 21, nafasi ya sentimita 20 kwa 20. Kumwaga mbegu ni rahisi siku ya kwanza tu, palizi ndiyo itakukumbusha.

Bustani: nyanya za mvua zina soko kwa sababu wengi zinawashinda. Simikeni miti, ondoeni majani yanayogusa ardhi, na mbaki mita 60 kutoka ukingo wa mto kama sheria inavyotaka.

Kuhusu viwavijeshi vamizi, walioingia nchini 2017, anzeni kukagua wiki ya pili baada ya mahindi kuota, mara mbili kwa wiki, asubuhi. Funua moyo wa mhindi, utafute vitobo na uchafu kama unga wa mbao. Mayai yako kwa kundi juu ya jani yakiwa na manyoya, yapondeponde kwa vidole. Kiwavi akishakua na kuzama ndani ya moyo, dawa haimfikii. Ukimwona ana alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia, ndiye huyo. Mpige picha unitumie kabla hujaenda duka la pembejeo, ukiandika na dawa uliyopuliza mara ya mwisho, nikuambie ubadili ipi.