Tamasha la Lamu: Lipi Kweli, Lipi Uzushi?

Kila Novemba inapokaribia, habari za Tamasha la Utamaduni la Lamu huanza kuzagaa, na pamoja nazo maneno ya watu ambao hawajawahi hata kuvuka kutoka gati la Mokowe, upande wa bara. Mengine ni kweli. Mengine yanawaonea wanaolibeba tamasha hili mabegani.

"Tamasha ni Maulidi kwa jina jingine."

Si kweli. Maulidi ya Lamu ni ya Mfungo Sita, hufuata mwandamo wa mwezi, na kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha na urithi wa Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija. Tamasha ni la juzi tu: lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Mji wa Kale ulipokuwa unaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, jambo lililotimia mwaka 2001. Kinachowachanganya watu ni kwamba hata siku za Maulidi huwa na mbio za punda na mashindano ya kuogelea. Lakini usimwambie mtu aliyekuja kwa zefe, yaani maandamano ya Maulidi, la Riyadha kwamba amekuja tamashani. Utakuwa umemvunjia heshima.

"Mbio za punda ni kichekesho cha watalii."

Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Vichochoro vya Amu, yaani mji wa Lamu, ni vyembamba, gari halipiti. Bodaboda zimeingia kisiwani miaka ya karibuni, lakini mchanga, mawe, saruji na magunia ya unga bado hupanda kutoka ufuoni mgongoni mwa punda. Vijana wanaoshindana ni wale wale wanaowaswaga punda hao asubuhi na jioni. Hupanda bila matandiko, miguu wakiibana ubavuni, wakakata barabara ya ufuoni, bahari upande mmoja na umati upande wa pili. Punda naye ana hiari yake: akiamua kusimama, amesimama. Anayejua kumtuliza bila kumuumiza ndiye anayefika mbele. Mji huu umewathamini punda kiasi cha kuwa na kliniki yao, iliyofunguliwa na shirika la Donkey Sanctuary mwaka 1987. Anayecheka mbio hizi anacheka kazi ya mtu.

"Mashindano ya mashua huamuliwa na upepo."

Si kweli. Upepo ni ule ule kwa vyombo vyote. Chombo kikienda na upepo, karibu kila mtu ni nahodha. Kazi ni kurudi dhidi yake, yaani kubisha. Tazama mashua inapogeuka: foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, huzungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kamba zikiachiwa na kukazwa kwa amri ya mtu mmoja. Papo hapo mabaharia huhama na kuparamia ubao uliotokezwa nje upande wa upepo, wakaukalia juu ya maji ili chombo kisilale. Mmoja akichelewa, tanga hupigapiga bure na mashua ya nyuma inapita. Wakati huo huo nahodha anasoma rangi ya maji ajue fungu la mchanga liko wapi. Ujuzi huu hupatikana chomboni, mtoto akimfuata baba au mjomba. Na vyombo vyenyewe hujengwa hapa hapa, katika vijiji kama Matondoni, na mafundi wanaopima mbao kwa jicho.

"Ni sherehe ya Waswahili wa mjini peke yao."

Si kweli. Kaunti ya Lamu ni ya Waamu na Wabajuni, ya Waorma wafugaji, ya Waaweer wanaomfuata ndege msituni hadi kwenye mzinga wa asali, ya Wagiriama na ya Wakikuyu wa Mpeketoni. Kaunti hii imeonja mauaji ya Mpeketoni ya mwaka 2014. Umoja hapa si neno la kupambia hotuba. Kirumbizi, ngoma ya fimbo ya Waamu, ikichezwa uwanjani mbele ya jirani wa bara, na ngoma yake ikachezwa mbele ya Waamu, watu wanajuana kwa sura.

"Tamasha linaleta uchumi."

Kweli, ila kwa siku chache. Nyumba za wageni hujaa, wachoraji wa hina hawapumziki, wapishi wa mahamri na mkate wa mofa huuza hadi chungu kitupu, manahodha hupata abiria wa Shela na Manda. Wageni wakiondoka, biashara hurudi chini. Mtazame mshoni wa kofia: hutoboa vitobo vidogo vidogo kitambaani na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, kazi ya wiki nyingi kwa kofia moja. Mgeni anayeomba apunguziwe hadi nusu ya bei anamnyang'anya mshoni siku zake.

"Tamasha ndilo linalohifadhi utamaduni wa Lamu."

Si kweli. Utamaduni huu unahifadhiwa na bahari yenye samaki, mikoko ya kutoa boriti na kijana anayeona ubaharia ni kazi ya kumlisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Bandari yenyewe ilifungua gati lake la kwanza mwaka 2021. Wengi wanaoshangiliwa kwenye mashua siku ya tamasha ni wa jamii hizo hizo za wavuvi. Serikali inayofadhili jukwaa na zawadi iwalipe pia wavuvi haki yao kwa ukamilifu, na iwape mafundi wa Matondoni mbao kwa bei wanayoimudu. Nawe msomaji, ukienda Lamu Novemba, nunua kofia yako kwa mshoni mwenyewe, na umlipe bei aliyoitaja.