Unaishi Ofafa au Mbotela? Wajue madiwani walioachia mitaa hiyo majina

Makanga akipaza sauti "Mbotela! Maringo! Jericho!" kwenye Jogoo Road, wewe husikia steji tu. Unashuka, unalipa fare, unaingia mtaani. Huenda umezaliwa hapo, umecheza boli hapo, na hujawahi kujiuliza: huyu Mbotela alikuwa nani? Na Ofafa ya Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na Ofafa Kunguni je?

Walikuwa madiwani wa Nairobi. Na wote wawili waliuawa.

Tom Mbotela alitoka ukoo wa Freretown, Mombasa, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Ni ukoo ule ule wa James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na wa marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa "Je, Huu ni Uungwana?" ambaye mama na baba yako hawawezi kumsahau. Tom alipanda hadi akawa makamu wa rais wa KAU, chama cha kina Jomo Kenyatta. Lakini 1951 watu wa vyama vya wafanyakazi, kina Fred Kubai na Bildad Kaggia, waliteka tawi la Nairobi. Hawa walitaka mambo yaende mbio. Mbotela alikuwa mtu wa vikao na majadiliano, na alipinga fujo waziwazi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Mwezi uliofuata, mwili wake ulipatikana karibu na soko la Burma, Shauri Moyo, hapo hapo unapokula nyama choma wikendi.

Ambrose Ofafa alikuwa mweka hazina wa Luo Union. Naye aliuawa Nairobi mwaka 1953, na lawama ikaelekezwa kwa Mau Mau. Jina lake liko pia Kisumu, kwenye Ofafa Memorial Hall.

Usidhani diwani Mwafrika wa siku hizo alikuwa mzito wa kuzungushwa na magari. Walikuwa wachache, wameteuliwa, na baraza lilikuwa la Wazungu. Kanjo unayemkimbia leo ukiuza njugu amepata jina kutokana na baraza hilo hilo. Na shida kubwa ya watu waliowasemea ilikuwa pa kulala. Mkoloni alimwona Mwafrika wa mjini kama mgeni wa kufanya kazi na kurudi kwao, kwa hiyo alimjengea chumba cha kapera, si nyumba ya familia. Ndiyo maana vyumba vingi vya Eastlands ni vile unavyovijua: kitanda, jiko la mafuta, na msongamano wa watu. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuwa mojawapo ya mitaa ya kwanza kufikiria mume, mke na watoto. Mitaa ya Ofafa na Mbotela ilifuata miaka ya 1950.

Sasa hapa kuna jambo la kutafakari. Serikali ya mkoloni haikutoa majina hayo kwa upendo. Ilikuwa vitani na Mau Mau, na Aprili 1954, kwenye Operation Anvil, ilizoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa hii na kuwafungia kambini. Kumtukuza diwani aliyeuawa ilikuwa njia ya kusema: tazameni hawa watu wanawaua nyinyi wenyewe. Kwa aliyekula kiapo, Mbotela alikuwa msaliti. Lakini uhuru ulipokuja, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Doonholm Road ikawa Jogoo Road, na Ofafa na Mbotela wakabaki palepale. Nadhani ni kwa sababu watu walikuwa washayafanya majina hayo kuwa nyumbani.

Leo majina hayo yanaweza kuondoka na kuta zake. Maringo na Jericho ni miongoni mwa mitaa ambayo kaunti imepanga kubomoa ili kujenga maghorofa. Mimi sipingi ghorofa. Mabomba ya mitaa hii yamechoka, na familia zimekua hadi vibanda vikajaa uani. Swali ni nani atapata keja. Nyumba ni za kaunti, mpangaji hana hatimiliki, na kwa familia nyingi kadi ya upangaji bado ni ya babu aliyefariki.

Pangani ilishaona haya mara mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha zamani kilibomolewa na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Juzi tu, nyumba za baraza zilizokuja kusimama Pangani zilivunjwa pia kupisha maghorofa. Familia zilizokuwa na nyumba hizo zilikuwa 48, kwa hiyo zilihesabika kwa urahisi. Maringo ni hadithi nyingine kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya notisi kubandikwa mlangoni, muulize nyanya hiyo kadi iko wapi na ina jina la nani. Kisha mtafute diwani wako, huyu wa sasa uliyempigia kura. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya makao ya kufaa, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti likushirikishe katika kazi zake. Muombe akuonyeshe orodha ya wapangaji wa mtaa wenu. Angalia kama mko.